Lori Walilolifuga Watu wa Itambo

Efraimu alikuwa hodari wa kueleza mambo, na hilo ndilo lililomponza. Mtu mwingine angesimama mbele ya watu wa Itambo mwaka ule wa 1953, akatamka maneno kama "hisa" na "mtaji", na watu wangepiga miayo, wakajifunga mablanketi yao vizuri na kurudi nyumbani. Yeye aliwaeleza wakaelewa.

Ilikuwa Juni, baada ya ibada ya Jumapili. Ukungu ulikuwa bado umekalia bonde na watu walisimama upande wa kanisa unaopigwa na jua. Itambo ni mgongo wa kilima mashariki mwa barabara itokayo Njombe kwenda Makambako. Watu wake ni Wabena, Walutheri, wakulima tangu babu na babu. Walilima mahindi, njegere na ngano kidogo, na miaka ile walikuwa wameanza kuuza magome ya miwati, yanayotumika kusindika ngozi; miti hiyo ilikuwa imejaa kila mteremko. Mazao yote hayo yalishuka hadi barabarani juu ya vichwa vya wanawake. Huko yalingojwa na lori la mfanyabiashara, na mwenye lori ndiye aliyepanga bei. Ukikataa bei yake ulikuwa na hiari ya kupandisha mzigo wako kilimani tena.

Efraimu aliijua biashara hiyo kwa upande wa pili. Kabla ya kurudi kulima alikuwa amefanya kazi miaka mingi Makambako, katika duka la Bwana Merali, kwanza akipima nafaka, kisha akiandika safari za malori. Makambako ya wakati ule ilikuwa maduka machache ya bati mahali njia ya Songea inapoachana na barabara kuu ya Iringa na Mbeya, pampu moja ya petroli, na vumbi. Lakini katika vumbi hilo Efraimu aliona jambo ambalo halikumtoka kichwani. Malori ya Merali hayakuwa ya Merali peke yake. Fedha zilizoyanunua zilitoka kwa binamu yake wa Iringa, kwa mjane mmoja wa Dodoma, na kwa mzee fulani wa Dar es Salaam ambaye hakuwahi kukanyaga Makambako. Lori moja lilikuwa na wenyewe saba, na kati yao hakuna aliyejua kuliwasha.

Kampuni ni mtu wa ajabu. Ana jina, anakopa, anadai, anashtakiwa barazani, lakini hana tumbo wala hana kaburi. Waliomzaa wanakufa, yeye anaendelea kufanya biashara. Katika miji ya bandari, kuanzia Bombay hadi Hamburg, watu wamemzoea kiumbe huyu kiasi kwamba hawamshangai tena. Itambo haikuwa imewahi kumwona. Kwa hiyo Efraimu, alipotaka kumleta, alimtafutia sura wanayoijua.

"Mjomba," alimwambia Nahumu mbele ya watu wote. Nahumu alikuwa kaka wa mama yake, mzee wa kanisa na mwenye zizi kubwa kuliko yote kilimani. "Ng'ombe wako wote wanalala kwako?"

"Mjinga gani huweka ng'ombe wote zizi moja? Ugonjwa ukiingia je? Wengine wako kwa watu, Uwemba. Wengine kwa mkwe wangu."

"Na maziwa anakunywa nani?"

"Anayefuga. Ndiyo mshahara wake."

"Na ndama?"

"Ndama ni wangu. Unanihoji kama karani wa kodi."

Watu wakacheka. Efraimu akangoja wamalize.

"Basi hisa ni hiyo hiyo. Unampa kampuni ng'ombe wako amfuge. Dereva, petroli na matairi wanakunywa maziwa. Ndama anakuja kwako mwisho wa mwaka. Aliyeweka ng'ombe wawili anapata wawili, aliyeweka mmoja anapata mmoja. Lori ni letu, na bei ya magome tunaipata huko huko Makambako."

Hakuna aliyepiga miayo. Wanaume waliguna kwa kuridhika, kama watu waliodhani wataletewa dawa chungu wakaletewa asali. Zipora peke yake ndiye aliyeuliza swali. Alikuwa mjane wa kaka yake Efraimu, mwanamke mwembamba wa maneno machache, na mali yake yote ilikuwa mtamba mmoja mwekundu.

"Shemeji, mtamba wangu ni ada ya Ezekia. Mwaka kesho kutwa anaingia shule ya kati. Nikimweka huko, nitampata?"

"Utapata zaidi ya mtamba," Efraimu akasema.

Ng'ombe wakauzwa mnadani. Efraimu mwenyewe aliuza wake wote wawili, jambo ambalo mkewe Priska hakumsamehe upesi. Fedha zilizokusanywa zilifika nusu ya bei ya lori, si jipya, lakini la tani tano na lenye nguvu. Nusu nyingine walikopeshwa na Bwana Merali, na kadi ya lori ikabaki kwenye sanduku lake la chuma mpaka deni liishe. Kila mwezi kampuni ilitakiwa kulipa sehemu ya deni pamoja na riba. Nahumu akawa mwenyekiti, Efraimu akawa katibu na mtunza fedha, na cheti chenye mhuri kikatoka Dar es Salaam, kimeandikwa Kiingereza kitupu. Walikitundika kwenye vestri, chumba cha mchungaji kanisani, kando ya saa isiyofanya kazi.

Siku ya kutia sahihi, Merali alimshika Efraimu mkono wa koti. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliyezaliwa Kilosa, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wateja wake wengi.

"Sikiliza, Efraimu. Fedha ikiingia, wa kwanza kula ni mimi. Wa pili ni lori lenyewe. Wa mwisho ni watu wako."

"Lori linakula kabla ya wenyewe?"

"Lori linakufa kila siku kidogo kidogo, hata siku linapokuletea faida. Kila safari weka kitu pembeni. Usipoweka, siku litakapokufa kabisa utakuta mlikuwa mkila lori, mkadhani mnakula faida."

Efraimu akanunua kopo kubwa la biskuti, akalipeleka nyumbani, na kila safari iliporudi aliweka ndani yake fungu la injini. Alifanya hivyo kwa uaminifu uliomchosha Priska, ambaye wakati mwingine hakuwa na chumvi.

Kiangazi cha kwanza kilikuwa kizuri kuliko alivyothubutu kuahidi. Lori lilipanda hadi kanisani, wanawake wakapakia magome bila kuyabeba hata hatua ishirini, na Odilo, dereva, Mkatoliki wa Uwemba aliyependa utani, aliwaambia kuwa tangu aanze kuwaendesha Walutheri injini imejifunza kuimba tenzi. Makambako walipata bei ambayo hapo zamani waliisikia tu kwa watu. Mwishoni mwa mwaka Efraimu aliwalipa wenye hisa gawio lao mbele ya kanisa, na Zipora akalifunga lake kwenye pindo la kanga akaenda zake bila kulihesabu.

Minong'ono ilianzia kwenye kopo. Mtu mmoja alisema mfugaji mwema hafichi ndama. Mwingine akasema ndama waliofichwa ni wengi kuliko waliotolewa. Efraimu akaeleza habari ya injini inayokufa polepole. Safari hii hakupata mfano wa ng'ombe wa kumsaidia, kwa sababu hakuna mtu anayewekea akiba ng'ombe atakayechukua nafasi ya ng'ombe. Ng'ombe huzaa mwenzake bila kuambiwa. Walimsikiliza kwa heshima, wakaondoka na neno lao.

Januari, baba yake Filbert akafa.

Filbert alikuwa mwenye hisa, mtu wa makamo, mpole, jirani yao wa upande wa kisima. Baada ya maziko alikuja kwa Efraimu akiwa na wazee wawili, wakakaa, wakasalimiana "Kamwene" mara nyingi kama ilivyo desturi, kisha Filbert akasema, "Nimekuja kumchukua ng'ombe wangu. Tuna watu wa matanga wa kulisha."

Efraimu alikuwa ameifahamu desturi hiyo tangu utoto, na bado ilimpata kama mtu aliyepigwa kutoka nyuma. Mwenye ng'ombe akifiwa, huenda kwa yule anayemfugia akamchukua mnyama wake siku hiyo hiyo. Hakuna anayeuliza swali. Kumkatalia mfiwa ng'ombe wake ni jambo la adui, na watu hulikumbuka hata kwa wajukuu wa aliyekataa. Efraimu aliyasema yote kuhusu maziwa na ndama siku ile kanisani, na hilo moja hakulisema, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa halijui.

"Filbert, ndugu yangu, ng'ombe wako hayupo. Amekuwa tairi."

"Basi nipe tairi."

"Nikikupa tairi, lori litasimama."

"Kampuni nzima isimame kwa ng'ombe wangu mmoja?"

Na kweli isingesimama kwa mmoja. Hilo ndilo lililofanya jambo lile liwe gumu: kila aliyekuja baadaye alisema hivyo hivyo, na kila mmoja kwa peke yake alisema kweli.

"Muuzie mtu mwingine hisa yako," Efraimu akajaribu. "Wenye kampuni hufanya hivyo. Fedha ya kampuni inabaki, anabadilika mwenyewe tu. Yeye anakaa mahali pako, wewe unapata fedha yako."

Mmoja wa wazee akatikisa kichwa kama aliyesikia tusi kutoka kwa mtoto. "Nani anunue ng'ombe wa mfiwa wakati wa matanga? Watu watasema alikuwa anangoja mzee afe."

Walikwenda kwa Nahumu. Mzee aliwasikiliza akiwa amefumba macho, kisha akamwambia Efraimu, "Mpe kutoka kwenye kopo."

"Mjomba, ile ni injini."

"Injini inafanya kazi au haifanyi?"

"Inafanya."

"Basi haina njaa. Mfiwa ndiye mwenye njaa."

Sheria za kampuni, zile za Kiingereza zilizokuja na cheti, zilikataza jambo hilo waziwazi. Mtaji ukishaingia hautoki kwa mlango wa mbele. Lakini mtoto wa dada hamwambii mjomba wake "hapana" mara mbili mbele ya wazee, na sheria iliyoko ukutani haina mjomba. Efraimu akafungua kopo.

Watu waliposikia kuwa ng'ombe wa kampuni anarudishwa, walipumua. Mpaka hapo walikuwa wamemwamini Efraimu kwa kujikaza. Sasa waliiamini kampuni yenyewe, na wakaanza kuitumia kama walivyotumia kila mfugaji. Mmoja alifiwa kweli. Wa pili alikuwa na mahari ya kumalizia. Wa tatu alitozwa faini barazani. Masika yale misiba iliongezeka Itambo kwa namna ambayo mganga wa misheni hakuiona: shangazi waliozikwa zamani walililiwa upya, na binamu wa mbali huko Lupembe walikata roho siku za mnada. Efraimu alijaribu kusema kuwa mfiwa ni yule aliyefiwa sasa, si zamani. Akaulizwa kama yeye ndiye anayepima huzuni za watu, na kwa ratili gani.

Wakati huo huo mvua ilikuwa imeiharibu barabara. Lori lililokwenda Makambako mara kwa mara wakati wa kiangazi sasa lilikwenda pale tu tope lilipokubali. Ukichukua mwaka mzima, kampuni bado ilikuwa na faida, na Efraimu angeweza kumthibitishia yeyote. Lakini faida ya mwaka mzima hailipi deni la mwezi wa Machi. Deni la Machi linalipwa kwa fedha iliyopo Machi, na iliyopo ilikuwa ile ya kopo, na kopo lilikuwa likiliwa kutoka pande zote mbili.

"Toa hisa yetu," Priska akamwambia. Alikuwa anapepeta njegere mlangoni na hakuinua macho.

"Mimi ndiye katibu. Nikitoa yangu, kila mtu atatoa."

"Kila mtu ameshatoa. Umebaki wewe, na mjomba asiyejali kwa sababu ana wengine Uwemba, na wajinga wenu wachache."

"Wajinga gani?"

"Zipora. Kama hutaki kutoa yetu, toa ya yule mjane. Ana mtoto wa kupeleka shule, baba Vestina."

Efraimu alikwenda kwa Zipora. Njia nzima alipiga mahesabu, maana ndiyo kazi aliyoiweza. Kopo lilikuwa na fedha za kumtosha Zipora, au za kumlipa Merali mwezi ule, si zote mbili. Akimpa Zipora, Merali angelichukua lori, na wengine waliobaki wangepoteza. Akimlipa Merali, lori lingefika Juni, barabara ingekauka, na Zipora angepata mtamba wake na ndama juu. Alimkuta nyuma ya nyumba, akichagua mbegu.

Yeye ndiye aliyeanza. "Shemeji, nasikia watu wanachukua ng'ombe wao. Na mimi nimchukue wangu?"

Ndege mmoja alikuwa akilia kwenye mwanzi. Efraimu angeweza kusema neno moja.

"Ngoja mpaka Juni," akasema. "Barabara ikikauka, mambo yatakaa sawa."

"Haya. Wewe ndiye unayejua."

Alimlipa Merali.

Aprili, kwenye mteremko wa mwisho kabla ya Makambako, injini ikapiga kelele kama ya mawe ndani ya ngoma, ikanyamaza. Odilo alilala ndani ya lori siku tatu akilinda magome yasiibiwe, kisha akaja Itambo kwa miguu na kusema kwa sauti isiyo na utani, "Imevunjika ndani. Fundi anataka fedha nyingi, na anazitaka kwanza."

Kopo lilikuwa tupu. Efraimu alilibeba hivyo hivyo kwenda kwa Nahumu, akalifungua mbele yake.

"Mjomba, waite. Waliochukua ng'ombe warudishe, hata nusu. Tutengeneze lori."

Nahumu akaangalia ndani ya kopo. "Ng'ombe aliyechinjwa kwenye matanga utamrudishaje? Umtoe kwenye matumbo ya watu?"

"Basi wapya. Watu waweke hisa mpya."

"Nani ataweka ng'ombe kwenye zizi lililopatwa na msiba? Wewe ungeweka?" Kisha, kwa upole, "Hata wangu wamo, Efraimu. Sikuchukua hata mmoja. Usidhani sikujali."

Ilikuwa kweli. Efraimu angependelea isiwe kweli, apate mtu wa kumkasirikia.

Merali alingoja mwezi wa kwanza, akangoja na wa pili. Wa tatu alimwita Efraimu Makambako, akamkalisha dukani kwenye kiti kile kile alichokalia zamani akiandika safari, akaagiza chai.

"Nimelivuta lori mpaka hapa. Nimelitengeneza kwa fedha yangu. Nimewaita watu wawili walithamini, usije ukasema nimelithamini mwenyewe. Thamani yake inatosha deni langu, riba na fundi. Imeishia hapo."

"Na wenye hisa?"

"Wenye hisa ni wa mwisho. Nilikuambia."

"Waliuza ng'ombe, Bwana Merali."

"Mwaka ule wa faida walipata gawio. Kama lori lingeleta mara kumi, wangekula mara kumi, na mimi ningepata riba yangu ile ile. Niliwahi kukuomba ndama wenu? Sikuomba. Anayekubali kula mwisho hukubali na siku ya sufuria tupu." Akamsogezea sukari. "Shukuru kwamba ni kampuni. Kama ungekopa kwa jina lako, ningekufuata mpaka shambani kwako. Sasa deni limekufa, hakuna atakayegusa zizi la mtu."

Hapakuwa na neno la uongo hata moja. Efraimu alikunywa chai yake yote kwa sababu hakujua la kufanya na mikono.

Itambo hawakumtukana. Wengi walikuwa wamepata ng'ombe wao kamili, na walimsikitikia. Filbert alimletea debe la viazi. Waliopoteza ni wale waliomwamini mpaka mwisho, nao walikuwa wachache, na walimsikiliza Efraimu katika mkutano ule wa mwisho kwenye vestri huku akiwaeleza nani hula kwanza na nani hula mwisho. Alieleza vizuri.

Zipora alingoja amalize.

"Kwa hiyo mtamba wangu amekufa."

"Amekufa, shemeji."

"Ngozi yake iko wapi?"

Aliuliza bila ukali. Ng'ombe aliyewekwa kwa mtu akifa, mfugaji humletea mwenyewe ngozi yake na pembe, aone kwa macho. Ngozi isipoletwa, ng'ombe huyo huhesabiwa kuwa hai, na mfugaji anadaiwa. Wazee wakatazamana. Efraimu hakuwa na ng'ombe wa kumlipa, wala mbuzi. Alikuwa amewauza wote ili aingie kwenye kampuni.

"Twende Makambako," akasema mwishowe. "Nikuonyeshe."

Walikwenda Julai, kwa miguu, wakilala njiani kwa ndugu. Mbele ya duka la Merali lori lilikuwa limesimama, limeoshwa, limepakwa rangi mpya milangoni. Zipora akalizunguka polepole. Alishika bati, akainama akaangalia chini, akaweka kiganja juu ya boneti na kukitoa haraka, kwa sababu lilikuwa la moto.

"Lakini huyu yuko hai," akasema.

Merali alikuwa ametokea kwenye baraza ya duka. Zipora alipiga goti kidogo kama anavyosalimiwa mtu mkubwa. "Kamwene, baba. Nimekuja kumwona mtamba wangu. Kumbe amepona. Nashukuru umemtibu. Ada ya mtoto ni Januari, kwa hiyo naweza kungoja mpaka wakati huo."

Merali akamgeukia Efraimu. Efraimu akatazama pampu ya petroli.

"Mama," Merali akasema, "huyu si wako tena."

"Nilimuuza kwa nani?"

"Hukumuuza."

"Nilimpa mtu bure?"

"Hapana."

"Basi amekuwaje si wangu?"

Mteja aliita ndani ya duka. Merali alisimama kidogo zaidi kuliko alivyolazimika, kisha akaingia, na karani akatoka na kifurushi cha sukari akampa Zipora mkononi. Zipora alikipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Halafu akakaa kwenye ngazi, kifurushi mapajani, akilitazama lori likipakiwa magunia ya chumvi.

"Ezekia hataenda, basi," akasema.

Efraimu alisema angekwenda misheni, angezungumza na mchungaji, angetafuta kibarua kwenye mashamba ya miwati. Zipora alikubali kila alichosema. Efraimu mwenyewe, alipokuwa akiyasema, aliyasikia yakitoka kama maneno ya mtu anayesoma tangazo lililobandikwa ukutani.

Jioni ilikaribia na lori likawashwa. Lilikuwa linapanda kuelekea Njombe na lingepita njia panda ya Itambo. Odilo, ambaye sasa aliliendesha kwa mshahara wa Merali, aliwaona akavua kofia.

"Ningewapakia bure," akasema kwa sauti ya chini, "lakini msimamizi anahesabu vichwa. Nisameheni."

Msimamizi alisimama karibu na gurudumu la nyuma akiwa na mfuko wa ngozi begani. Alitaja nauli ya mtu mmoja. Efraimu akapapasa mifuko ya koti, wa kushoto, wa kulia, kisha wa ndani, ingawa alijua tangu asubuhi kuwa haina kitu.

Zipora alifungua pindo la kanga yake. "Watu wawili," akamwambia msimamizi. "Mimi na shemeji yangu."

"Nitatembea, mama Ezekia."

"Utatembea mpaka wapi? Kuna baridi."

Alikwishalipa. Akapanda kwanza, akashika kamba, akajisogeza upande juu ya magunia ya chumvi ili kumpa nafasi. Odilo alikuwa anangoja, injini ikinguruma, na msimamizi akapiga bati kwa kiganja kuonyesha kuwa watu wanachelewesha. Efraimu akapanda.